Meno ya Mpiga Tarumbeta

Siku mliyoniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba. Keki ilikuwa tamu na saa inakwenda vizuri, ila ile hotuba inanikera mpaka leo. Mwenyekiti alisimama akasema mama yetu Zainabu alijaliwa kipaji, mikono yake ilizaliwa na kazi hii, na nyote mkapiga makofi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Kama mikono yangu ingezaliwa na kazi hii, marehemu Bwana Lobo, mwalimu wangu, asingeugua shinikizo la damu.

Basi, kwa kuwa mmeniomba niandike chochote kitakachowafaa vijana wa karakana, naandika. Vyeo nitaviruka. Mshahara nao nitauruka, maana kwa miaka mingi ndio uliokuwa ukiniruka mimi. Nitaeleza jinsi kazi ya kutengeneza meno ya bandia ilivyoniingia, na jinsi wiki moja, wakati wa wanajeshi, uhai wa baba wa watu ulivyoning'inia kwenye meno manne ya mbele. Mkimaliza kusoma, nawaomba msiniletee tena habari za kipaji. Mtu akisema una kipaji, anamaanisha hataki kujua ulikuwa unafanya nini miaka yote ile.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, Mnubi, na tulikaa Nsambya kwenye nyumba za askari. Kila mlango pale ulikuwa na lugha yake na dini yake, na Kiswahili ndicho tulichogombania nacho bomba la maji. Nilipomaliza shule nilitaka uuguzi. Lakini shangazi yangu wa Kibuli alisikia kwamba fundi mmoja wa meno mjini anatafuta msichana mwenye mikono mikavu. Baba alicheka sana. Kumbe fundi alikuwa na sababu yake, kwamba jasho la vidole linaharibu nta. Nilipimwa viganja kwa karatasi nyembamba, nikapokelewa. Kama mnang'ang'ania kipaji, basi ndicho hicho: sitoki jasho viganjani.

Fundi mwenyewe ndiye Bwana Lobo, Mgoa mfupi aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kipajini pa uso ukisubiri zamu. Madaktari wa meno wa mji mzima walimletea vipimo vya midomo ya wagonjwa, naye aliwarudishia meno. Wagonjwa hawakumjua. Walikwenda harusini wakacheka kwa kazi yake, na sifa akapata daktari.

Siku ya kwanza nilitegemea kushika meno. Nilipewa bakuli la mpira, kijiko bapa na gunia la plasta. Nikamimina unga, nikamwagia maji, nikakoroga kwa nguvu ili aone kwamba nina bidii. Akachungulia.

"Wewe napika uji hapa?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana Lobo."

"Basi kwa nini napiga kama uji? Maji kwanza. Unga nanyunyiza pole pole, yenyewe nazama. Ikikataa kuzama, simama. Halafu koroga kwa kusukuma kwa ukuta ya bakuli. Hewa ikiingia, hewa nakaa ndani, halafu jino nakaa juu ya hewa. Mtu nakula mkate, jino nakwenda na mkate."

Plasta hiyo nilikoroga mpaka nikaiota. Nilipodhani nimehitimu, akanipa mche wa sabuni ya kufulia na kisu kidogo, akaniambia nichonge meno. Jino la mbele, la pembeni, la kutafunia, la juu, la chini, kulia na kushoto. Nikichonga anageuza geuza, anaweka miwani ya pili, anauliza, "Hii ya nani? Ya ng'ombe? Ng'ombe hapana kuja hapa." Kisha anatupa kwenye ndoo. Jioni nilibeba ndoo nyumbani, na mama yangu akafulia meno hayo sare za baba.

Mama naye hakuwa na huruma. Alikuwa akisuka vile vifuniko vya chakula vya rangi vya wanawake wa Kinubi, na nimemwona akifumua kazi ya siku nzima kwa ajili ya uzi mmoja uliopinda, mahali ambapo hata inzi asingepaona. Nilipomlalamikia kuhusu Bwana Lobo aliokota jino langu moja kwenye maji ya sabuni, akalitazama, akasema, "Huyo Mgoa ana subira sana. Mimi ningekufukuza."

Niliudhika na wote wawili. Lakini baada ya mwaka, nilipokuwa nikimtazama mtu akizungumza, nilijua jino lake la pili la juu limegeukia wapi. Sikuwa nimepewa macho mapya. Ni sabuni tu.

Kitu kimoja zaidi kutoka kwa Bwana Lobo, kwa sababu mnakiruka na mnadhani sioni. Mkishapanga meno kwenye nta, na mgonjwa akakubali, kabla hamjayafukia kwenye kopo la shaba na kuyeyusha nta ili ufizi wa bandia uchukue nafasi yake, mimineni ukuta mdogo wa plasta mbele ya yale meno, muuache ukauke, muuondoe, muuweke rafuni. Ukuta ule unakumbuka kila jino lilisimama wapi. Kazi ikiharibika, mna pa kurudi. Ni kazi ya dakika chache na inachosha akili kuliko zote. Siku aliyofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine wote, alikuja karakana na sanduku moja, akanionyesha kabati la makopo ya unga wa waridi, ule wa ufizi, akaniambia, "Plasta ya mbele. Kila siku, plasta ya mbele." Nililia. Akaniambia nisilie karibu na nta. Hayo ndiyo maagano yetu.

Karakana ikapewa mwanajeshi. Maduka yote ya mjini yaligawiwa hivyo: duka la viatu kwa dereva wa vifaru, duka la dawa kwa mtu aliyejua kusoma maandishi makubwa tu. Wetu alikuwa mpishi mkuu wa kambi, mtu mnene, mwenye sauti ya kuita watu wengi kutoka mbali. Tulimwita Afande Meneja. Siku ya kwanza alizunguka chumba chote akitazama juu na chini.

"Mashine ya kutengeneza meno iko wapi?"

"Hakuna mashine, Afande."

"Sasa nani natengeneza?"

"Mimi, Afande."

Akanitazama, halafu akatazama nyuma yangu, nadhani akiitafuta ile mashine. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana mtu mbaya unamkwepa tu. Huyu alitaka kusaidia. Alipanga upya rafu yangu ya vielelezo vya plasta kwa ukubwa, vikubwa juu, vidogo chini, mpaka taya la juu la padri mmoja wa Lubaga likakaa na taya la chini la mke wa mfanyabiashara. Aliamuru meno yatoke kila siku kama mikate. Gesi ilipokwisha mjini alileta sigiri, na ile sigiri ya makaa, niseme ukweli, ilitufaa.

Sasa nifike kwa Koplo Lukasi. Alikuwa jirani yetu Nsambya, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, mpiga tarumbeta wa bendi. Kila alfajiri alisimama nyuma ya mabafu ya kambi yetu akapiga nota moja, ile ile, ndefu, mpaka watoto wakaijua na wakawa wanaisubiri ili waamke. Mkewe, Mama Pita, Muganda wa Lubaga, alikuwa akisema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na nota.

Jumatatu moja alikuja karakana amefunika mdomo kwa kitambaa. Alipokitoa, meno manne ya mbele ya juu hayakuwepo. Nikamuuliza imekuwaje.

"Nimeanguka kwa ngazi, binti ya Sajini."

Sikuuliza zaidi. Miaka ile watu wengi walianguka kwenye ngazi, hata waliokaa nyumba zisizo na ngazi.

"Jumamosi iko gwaride," akasema. "Mgeni mkubwa nakuja. Tarumbeta nafungua, peke yake, watu wote kimya. Mimi ndiye nafungua."

"Si apige mwingine?"

"Iko vijana wapya tu. Wao napiga kama mbuzi." Akajifuta mdomo kwa kitambaa. "Nimesema kwa komanda mimi ni mgonjwa. Yeye nasema, mtu wa kukataa kupiga kwa mgeni ni adui."

Afande Meneja alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amekwisha kupata habari hizo kambini. Alifunga mlango.

"Komanda nataka meno," akaniambia. "Koplo hapana piga vizuri, itakuwa dharau. Koplo nakwenda. Pengine na sisi nakwenda."

"Tunakwenda wapi, Afande?"

Akaujaribu mlango kama umefungika. Sote tuliyajua yale magari yaliyochukua watu, na tulijua buti zake za nyuma zilibeba nini. Koplo Lukasi alikuwa na watoto watano, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Nikaosha mikono, nikachukua kipimo cha mdomo.

Hadi Jumanne jioni nilikuwa nimepanga meno manne kwenye nta, mazuri, yamenyooka kama yalivyo vitabuni. Jumatano asubuhi Koplo akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu. Afande Meneja akampigia saluti kwa mzaha. Kisha Koplo akainua tarumbeta, akapuliza, na ikatoka hewa tupu.

"Hii jino ya kulia iko nyuma," akasema.

"Iko sawa na mwenzake."

"Yangu hapana kuwa sawa na mwenzake."

Hapo ndipo nilipoelewa balaa niliyokuwa nayo. Watu wanadhani tarumbeta hupigwa kwa mdomo. Mdomo ni nyama tu. Nyuma ya mdomo kuna jino, na huyu mtu kwa miaka mingi alikuwa ameegemeza mdomo wake juu ya jino moja lililochomoza kidogo, akajenga nota zake zote hapo. Lile jino sasa lilikuwa limebaki kwenye hiyo ngazi yake, na mimi sikuwahi kulitazama vizuri. Aliyelijua ni ulimi wake peke yake.

Nikapasha kisu, nikalisogeza jino mbele.

"Sasa?"

Akapuliza. "Bado."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele. Lakini hapana nyingi. Kama karatasi."

"Karatasi ya gazeti au ya daftari?" nikamuuliza, na nilikuwa namkejeli.

Akafumba macho, akapitisha ulimi, akafikiri. "Ya sigara," akasema.

Siku nzima tulikaa hivyo. Nta ililainika kwa joto la mdomo, kwa hiyo kila baada ya mipulizo michache niliyatoa meno nikayatia kwenye maji baridi, na kila nilipoyarudisha alisema bado. Nilimchukia. Nilimchukia kama nilivyomchukia Bwana Lobo siku za sabuni, na zaidi kidogo, kwa sababu huyu alikuwa akisema kweli na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia mgeni wa gwaride hatajua tofauti. Akanitazama kwa upole ule wake, akasema, "Mgeni hapana jua. Lakini mdomo ikikosa mahali ya kukaa, nota naanguka. Nota ikianguka, hata mgeni najua." Afande Meneja aliyekuwa akisikiliza akatoka nje kuvuta sigara. Jioni, Koplo alipuliza tena, na ikatoka sauti ya chini, nene, safi. Hakusema bado. Alilaza kichwa kwenye kiti akafumba macho.

Nikamimina plasta ya mbele. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, na mkono ukaimimina wenyewe kwa mazoea.

Alhamisi nikayafukia kwenye kopo la shaba, nikayeyusha nta, nikashindilia unga wa waridi uliochanganywa na maji yake, nikakaza skrubu, nikatia kopo kwenye sufuria ya maji juu ya sigiri. Sasa sikilizeni, kwa sababu mnazo mashine zinazowafanyia haya na hamjui zinafanya nini. Unga ule lazima upate moto polepole. Maji yasichemke mpaka mwisho kabisa, na ukimaliza, kopo lipoe ndani ya maji yake. Ikafika adhuhuri. Nikamwambia Afande, "Naenda kuswali. Tafadhali usiguse moto."

Niliporudi kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza ngoma. Afande alikuwa amechutama, ameongeza makaa, anapepea kwa kipande cha boksi, jasho linamtoka, ana furaha.

"Wewe naacha moto ndogo sana," akaniambia. "Mimi nimepikia kambi nzima. Hii sasa hivi naiva."

Tulipofungua kopo, ile waridi ilikuwa imejaa vitundu ndani kwa ndani kama andazi. Nikaibonyeza kidogo kwa kidole gumba, ikapasuka katikati.

"Si imeiva?" Afande akauliza.

Nikakaa chini. Unga uliobaki kabatini ulitosha mara moja tu, na mjini hapakuwa na mwingine, kwa sababu hapakuwa na kitu chochote mjini. Nikamfikiria Mama Pita na yule mtoto wa kunyonya. Halafu nikasimama nikamfokea mwanajeshi mwenye bastola kiunoni. Nilimwambia ameharibu kazi ya siku tatu, ameharibu rafu yangu, ameharibu kila alichokishika tangu aingie mle, na kwamba yule koplo akiuawa atakuwa amemchemsha yeye. Nilipomaliza, Afande alikuwa amesimama na kile kipande cha boksi mkononi. Na mimi, sijui ni woga au ni uchovu, nikamuuliza kwa sauti ya chini:

"Afande, kule kambini, maharage ya watu wote wale, ukiyapiga moto mkali toka mwanzo inakuwaje?"

Alikasirika kuliko nilipomtukana. "Nani nafanya hivyo? Ganda napasuka, ndani nabaki mawe. Maharage unaiwekea moto ya kulala, unaifunika makaa na majivu, unakaa nayo. Mpishi mjinga tu ndiye..."

Akakomea hapo. Akaitazama sufuria. Akaliokota lile bamba la waridi lililopasuka, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, vitundu vyote vile.

"Hii pia iko na ganda?"

"Ina maji ndani yake, Afande. Yakichemka kabla unga haujashikana, yanatoboa njia ya kutokea."

"Kwa nini hapana sema hivyo?"

Nilikuwa nimesema asiguse moto. Lakini kumwambia mpishi asiguse moto ni kumtukana, na mtu aliyetukanwa hasikii maneno yanayofuata. Hilo nawaachia nyinyi mnaofundisha wengine.

Mchana ule nilipasha lile bamba bovu juu ya makaa na kuyachomoa meno yale manne, moja moja, bila kuyavunja. Nikauchukua ukuta wa plasta rafuni, nikayakalisha meno kila moja mahali pake, nikamimina nta nyuma yake. Ijumaa asubuhi Koplo akayavaa, akapuliza. Nikamwona anapitisha ulimi.

"Usiseme," nikamwambia.

"Kidogo tu," akasema. "Ya sigara."

Nikasogeza. Akakubali. Kabla ya adhuhuri kopo lilikuwa tayari, na Afande Meneja akaja na makaa yake mwenyewe kwenye gunia, ya mti anaoujua yeye, na majivu kwenye debe. Alivua shati la sare akabaki na fulana. Akapanga makaa kama mtu anayepanga mayai, akayafunika majivu, akaacha jicho moja dogo la moto. Akakaa kwenye kigoda mbele ya sigiri na hakuinuka mchana kutwa. Anaondoa kaa moja kwa vidole, anarudisha nusu yake. Anasogeza sufuria kidogo upande. Anatia kidole majini, anasema, "Bado iko sawa." Nilikuwa nimetia kipimajoto cha Bwana Lobo mle ndani, na nilikuwa nakwenda kukitazama kila mara kwa wasiwasi, na kila mara mstari ulikuwa pale pale nilipoutaka. Mimi mwenyewe, na gesi, sikuwahi kuushika hivyo. Nilikuwa nimemdharau mtu huyu kwa miezi, na kumbe mikononi mwake alikuwa na kitu nilichokuwa nakihitaji, ila alikuwa amekalishwa kwenye kiti kisicho chake. Iliniudhi kwamba nchi nzima ilikuwa imepangwa vile, kila fundi mahali ambapo ufundi wake haufai.

Mwishoni akaamsha moto, maji yakachemka kidogo, akauzima. Nikasema kopo lipoe ndani ya maji mpaka asubuhi. "Hiyo najua," akasema. "Nyama pia." Akafunika sufuria, akafunga mlango kwa kufuli, akaondoka na ufunguo.

Jumamosi asubuhi na mapema tukafungua. Lilikuwa bamba zuri, jembamba, halina hata kitundu kimoja. Nikasugua, nikang'arisha, Koplo akavaa akiwa tayari ana sare na kofia. Akapuliza nota moja tu ya chini, fupi, akashusha tarumbeta.

"Na ile ya juu?" nikamuuliza.

"Ya juu naweka kwa gwaride. Mdomo iko na siku moja tu."

Akaondoka, nami sikujua kama nimemwokoa au nimemwua.

Tulisimama na wanawake wa kambi nyuma ya seng'enge. Mgeni alifika na magari mengi, na watu wakanyamaza mpaka nikasikia bendera ikipigwa na upepo. Koplo Lukasi akatoka mbele peke yake. Sikumtazama mgeni hata kidogo, nilitazama taya. Tarumbeta likaanza chini, likapanda, na nikajua, kama kila mtoto wa kambi ile alivyojua, wapi ile nota ndefu ya nyuma ya mabafu ingekuja. Ikaja. Ikasimama juu ya uwanja mzima, ikakaa. Mama Pita alinishika mkono akaufinya mpaka ukaniuma. Nilisikia kitu kidogo mno pembeni ya ile nota, kama uzi mmoja uliochomoka, karibu na mwisho. Nikajiambia ni upepo. Ngoma zikaingia, gwaride likaanza, wanawake wakapumua.

Baada ya gwaride, bendi yote ikapakiwa kwenye lori na kuondoka nyuma ya magari ya mgeni. Hakuna aliyeambiwa wanakwenda wapi. Jumamosi hawakurudi, wala Jumapili. Jumatatu Mama Pita alikuja karakana na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Nnyabo, mama, bwana yangu hajaludi," akaniambia. "Alipiga vibaya?"

"Alipiga vizuri, Mama Pita. Sote tulisikia."

"Basi kwa nini hajaludi?"

Afande Meneja alikwenda kambini kuuliza, akarudi, akatikisa kichwa. Akampa yule mama chai na hakumtazama usoni. Mimi nilijaribu kufanya kazi na sikuweza hata kukoroga plasta. Niliwaza kwamba pengine kazi nzuri ndiyo iliyomponza, kwamba kama angepiga kama mbuzi angechapwa tu akaachwa. Nilimkasirikia Bwana Lobo, nikamkasirikia mama, wote walionifundisha kutokuacha kitu kikiwa karibu-sawa. Mama Pita alikaa pale mpaka jioni, na Jumanne akarudi akakaa tena.

Saa nne ya asubuhi hiyo Koplo Lukasi akaingia mlangoni, sare imekunjamana, macho mekundu, tarumbeta kwapani.

"Tulipelekwa Entebe," akasema. "Iko karamu. Watu nakula, sisi napiga. Wanalala, wanaamka, nakula tena, sisi napiga tena. Leo ndiyo wameachia sisi."

Mama Pita aliteleza kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, akaweka uso mapajani akalia kwa sauti. Koplo akainama akampapasa kichwani, akamchukua mtoto. Afande Meneja akaenda kusimama dirishani akatupa mgongo. Mimi nilikuwa nalia na sikuona haya. Nilifurahi mpaka nikahisi kizunguzungu.

Ndipo Koplo akatia vidole mdomoni, akayatoa meno yangu, akayafuta vizuri kwa kitambaa, akayaweka mezani mbele yangu.

"Binti ya Sajini," akasema kwa kibogoyo. "Hii ya kushoto, kwa nyuma, mahali ulimi nagonga. Imezidi. Punguza kidogo."

Damu ilinipanda kichwani. "Koplo Lukasi, tumekulilia siku tatu. Mkeo hajala. Umerudi mzima, na unaniletea habari za jino la kushoto?"

"Nota ya juu ilitetemeka," akasema. "Kwa mwisho."

"Hakuna mtu aliyesikia," Mama Pita akasema kutoka sakafuni, akifuta machozi. "Nakuapia, hakuna hata mmoja."

Koplo akayasogeza meno karibu nami. Alikuwa ananitazama mimi, na akaendelea kunitazama. Haukuwa upepo. Nikavuta kiti, nikachukua kikwangua, nikamwambia akae.